Kitambaa Juu ya Kioo

Jumatatu, 3 Machi

Skrini imefika! Ya kugusa, pana kama dirisha la jikoni. Nimeifunga mwenyewe kando ya mashine ya kuchonga chuma, hatua mbili tu kutoka penye jiriwa, panapobanwa chuma. Spana – fundi wa vifaa, mdomo wake hauna breki – kaitazama, kajitazama, kachana nywele. Eti hatimaye karakana imepata kioo cha kujirembea.

Mjomba hakucheka. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama baba aliyeletewa mkwe asiyemtaka.

Miaka tisa mashine hii tumeiongoza kwa maandishi matupu. Skrini nyeusi, herufi za kijani, kibodi iliyojaa grisi. Unaandika amri, unabonyeza Enta, chuma kinakatwa. Programu yenyewe ni huria, haina mwenye hati, kila mtu ruksa kuifungua na kuongeza chake. Ina sura mbili: ya maandishi na ya picha. Mjomba alichagua ya maandishi siku ya kwanza, akafunga mjadala. "Andika. Soma. Ndipo Enta." Kila aliyepita hapa amelishwa maneno hayo mpaka yakamshinda kumeza. Ndiyo maana karakana nzima wanamwita Bwana Enta. Hata Meneja.

Mimi sithubutu. Ni kaka wa marehemu mama. Alinilea yeye na mkewe, Anti, tangu nina miaka minane. Yeye ndiye aliyenitia tupa ya kusugulia chuma mkononi wakati wengine wakisema msichana atavunja kucha. Naye huniita "mama", maana nimechukua jina la mama yake.

Leo tumebishana mpaka chai ikapoa. Nikasema: Mjomba, herufi hazionyeshi kisu kinakwenda wapi. Akasema: aliyeandika kwa akili anajua kinakwenda wapi. Nikasema: mtu mpya anakaa miezi mitatu ndipo aelewe. Akasema: hata kutembea kulikuchukua mwaka, na hukulalamika.

Nimeshinda. Meneja yuko upande wangu.

Jumatano, 5 Machi

Leo Mjomba amesalimu amri! Nilipakia kazi ya flenji za pampu, zile pete za kuungia mabomba, ile aliyoiandika mwenyewe miaka sita iliyopita. Mchoro ukajitokeza: mistari ya njano, njia yote ya kisu, kabla ya chuma kuguswa. Na hapo pembeni, mstari mmoja unakaribia kukwaruza jiriwa. Umeikosa kwa unene wa ukucha. Miaka sita! Tungeweza kuvunja kisu siku yoyote.

Mjomba akavaa miwani. Akasogea. Akafuata mstari kwa kidole bila kugusa. Kisha akaigeukia mashine: "Kumbe ndivyo unavyotembea, mshenzi wewe!" Alicheka mpaka akashika kiuno. Akaniambia, haya mama, picha yako ina macho.

Sijawahi kujisikia vizuri hivyo kazini.

Vitufe nimevitafsiri mwenyewe. ANZA. SIMAMA. ENDELEA. ZIMA. SIMAMA ya njano, ENDELEA ya kijani, zimekaa bega kwa bega chini ya skrini.

Kilichobaki ni ubishi wa swichi nyekundu. Iko ukutani, inakata kila kitu. Mjomba huibonyeza kila anapotaka kuingiza mkono. Kila mara, bila kukosa. Lakini ukiibonyeza mashine inasahau ilipo, inabidi irudishwe mwanzo. Dakika sita kila mara. Nikamwambia kwa sura hii hakuna haja, gusa SIMAMA tu, kisu kinatulia. Akakataa. Nikarudia. Mara ya nne akasema, sawa, wewe ndiye mwenye mashine sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Flenji thelathini kabla ya chakula cha mchana. Haijapata kutokea.

Kioo kinashika grisi ya vidole, baada ya saa moja huoni kitu. Nimechana fulana kuukuu ya bluu, nimepata kitambaa.

Jumatatu, 10 Machi

Mkono wa Mjomba.

Siwezi.

Jumanne, 11 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Jana alasiri, saa tisa na kitu. Flenji ya kumi na nane. Chenga za chuma zilijaa kwenye jiriwa. Mjomba akasema ngoja nisafishe. Akainama, mkono wa kulia ndani. Brashi kwanza, kisha vidole. Mimi nilikuwa upande wa skrini. Spana alikuwa uani anapakua nondo. Kisu kikaanza kuzunguka.

Sijui kwa nini kilizunguka.

Hakupiga ukelele. Alisema "Aa" – hivyo tu, kama mtu aliyekumbuka kitu. Niliipiga swichi nyekundu kwa ngumi. Nikamfunga mkono kwa koti langu la kazi, nikakaza, nikakaza. Spana aliendesha pikapu huku analia, Spana ambaye hata msibani huchekesha watu.

Vidole vinne vya kulia. Kilichobaki ni kidole gumba.

Meneja aliniuliza hapo hapo kwenye korido ya hospitali: nani aligusa skrini? Nikamwambia sikuona mtu akigusa skrini.

Sikusema uongo. Sikuona.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda wodini. Mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko, umening'inizwa kwenye chuma kama kitu cha mtu mwingine. Anti alikuwa anamlisha uji. Nilipoingia Mjomba akageuza kichwa ukutani. Nikajua: ameshajua.

Kumbe alikuwa anaona haya.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nimekuaibisha."

"Mjomba, una nini?"

"Sikuisimamisha. Nimewaza usiku na mchana. Nilidhani nimegusa ile ya njano, kumbe sikugusa. Uzee huo. Miaka thelathini na moja nakemea watoto wa watu, halafu mimi mwenyewe naingiza mkono kwenye mashine inayokwenda."

Anti akasema ajali haina kinga. Mjomba akasema hii ilikuwa na kinga, ila yeye ndiye hakuitumia. Akaniomba nisiwaambie wanafunzi wake wa zamani.

Nilimwambia "pole, Mjomba". Mara tatu nne. Pole, pole. Nikatoka nje nikashika ukuta.

Ijumaa, 14 Machi

Birika limeanza kuchemka na ule mlio ukapanda. Ule wa kisu kikishika kasi. Chini, juu, juu zaidi. Nimelizima. Nimekunywa maji ya bomba.

Simu ililia, ni kioo tupu, inataka kidole changu. Niliiacha ikalia mpaka ikanyamaza.

Mama mwenye nyumba amemwaga chai mezani, akanirushia tambara, akasema futa upande wako. Mkono haukunyanyuka. Nilikaa nikilitazama lile tambara. Akaniuliza nina homa?

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi kazini. Sakafu wameisugua kwa chumvi na sabuni, sehemu ile sasa ni nyeupe kuliko sakafu nzima. Kila mtu anapita pembeni yake.

Mchomeaji vyuma hataki hata kusimama upande huo. Anasema mashine ina pepo, imejiwasha yenyewe, yeye alishasikia habari hizi mahali pengine. Wapakiaji wawili wanamuunga mkono. Wanataka iombewe kabla ya kuwashwa. Meneja amefoka: pepo gani, mzee alisahau kuisimamisha, basi! Wakatawanyika, lakini niliona macho yao. Hawaamini. Miaka tisa hawajamwona Bwana Enta akisahau.

Spana alikuwa anapanga spana zake kwa ukubwa. Alikwisha kuzipanga asubuhi.

Skrini imefunikwa gunia. Saa sita, wenzangu walipokwenda kula, nililivuta.

Grisi imeganda juu ya kioo, alama za vidole za siku ile zote ziko pale. Ila kuna njia moja safi. Upana wa kiganja. Inaanzia juu kushoto, inashuka kwa mviringo, inateleza mpaka chini. Inaishia juu ya kitufe cha kijani.

Nililirudisha gunia. Nikaenda kula na wenzangu. Nilikula, tena nilimaliza sahani.

Jumanne, 18 Machi

Sasa naandika.

Mjomba aliwahi kuongeza kitu chake ndani ya programu. Miaka mingi sasa. Kila amri mashine inayopokea hujiandika kwenye faili: saa, neno, na ilikotoka – kibodi au kioo. Aliliita daftari la mashine. Meneja hajui kama lipo. Spana hajui. Aliyefundishwa kulisoma ni mimi.

Leo nimechomoa skrini ya picha. Nimechomeka ile ya zamani, nyeusi. Herufi za kijani zikatokea, na kile kistari kinachowakawaka kikisubiri uandike. Kilikuwa kinawaka na kuzima. Nimekaa mbele yake muda mrefu. Nimebonyeza mshale wa juu kwa mazoea na amri za zamani zikaanza kurudi moja moja, za Mjomba, na makosa yake ya herufi ambayo huyasahihisha kabla ya Enta. Mkono wake ule. Mashine imeushika wote.

Nikafungua daftari. Tarehe kumi. Nimenakili hapa, neno kwa neno:

15:11:40 SIMAMA – kioo
15:12:26 ENDELEA – kioo
15:12:29 SWICHI NYEKUNDU

Aliisimamisha. Aligusa ya njano kama nilivyomfundisha. Hakusahau.

Na sekunde arobaini na sita baadaye, mkono wake ukiwa ndani, mtu aliyesimama kwenye skrini aligusa ya kijani.

Ni mimi. Nilikuwa nafuta kioo. Nilikuwa na kitambaa mkononi, namwangalia yeye, tena namsimulia habari ya jirani yangu na mbuzi wake, tunacheka. Nilifuta bila kutazama. Ndiyo maana sikuona.

Nimeandika. Sasa imeandikwa.

Kwa kibodi yake nisingeweza. Ningefuta kibodi nzima kwa kitambaa, ningeandika takataka, mashine ingejibu: amri haijulikani. Ingenitaka niandike neno zima, herufi saba, halafu Enta.

Lakini nisijifiche nyuma ya kioo. Kioo hakikumwambia aache swichi nyekundu. Mara nne nilimwambia. Mara nne!

Jumatano, 19 Machi

Nimerudisha skrini ya picha, nimeshinda nikifungua programu. Nimeongeza kidirisha. Sasa ukigusa ENDELEA, kabla ya kisu kusogea, skrini inauliza: *Una hakika hakuna mkono ndani?* NDIYO upande mmoja, HAPANA upande wa pili, mbali mbali, na lazima ushikilie kidole kwa sekunde mbili. Kazi ya saa tatu. Ningeweza kuifanya tarehe nne. Tarehe nne nilikuwa nachagua rangi.

Nikaijaribu. Mashine haina kisu, haina chuma, jiriwa tupu. Swali likatokea.

Nilikwenda kuchungulia ndani. Hakuna mkono. Nikarudi. Nikaenda tena. Nilikwenda mara ngapi sijui. Mchomeaji aliniona, akamwita mwenzake, wakasimama wananitazama. Sikuweza kugusa NDIYO. Nilihisi nikigusa nitasikia ile "Aa".

Nimeizima ukutani.

Ijumaa, 21 Machi

Meneja kaniita ofisini. Wakaguzi wanataka ripoti. Bwana Enta ataandika maelezo yake kwamba hakuisimamisha mashine, mimi nitatia sahihi kama shahidi, mambo yaishe. Kisha atapangiwa kazi ya getini, kuandikisha magari. Na ile nafasi ya kufundisha chuoni, nikauliza, aliyoisubiri miaka? Meneja akakunja uso. Nani atampa wanafunzi mtu aliyeingiza mkono kwenye mashine inayokwenda?

Kompyuta nayo itafutwa yote, tarehe thelathini na moja, mtaalamu anakuja. Aweke upya, safi. Watu waache habari za pepo.

Nikasema ndiyo bosi. Nilisikia sauti yangu ikisema ndiyo bosi.

Nje, Spana alinisubiri kwenye kivuli cha pikapu. Akaniuliza kama nakula. Akaniuliza kama nalala. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba yeye haamini pepo. Kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana, ni methali tu, kwani methali imekatazwa?

Wao wanasema pepo. Nami nimenyamaza, nimeacha pepo asingiziwe. Nikipita wananipisha, wananionea huruma, eti mimi ndiye niliyemwona kwa karibu.

Jumapili, 23 Machi

Mjomba karudi nyumbani tangu jana. Nilikwenda nikiwa nimeamua. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Alikuwa amelala. Anti alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua ungo wa pili, tukachambua wote kama zamani. Nikamwambia. Sikupanga kumwambia yeye kwanza, yametoka yenyewe. Kitambaa, kitufe, daftari la mashine, yote.

Mikono yake ilisimama. Kisha ikaendelea kuchambua. Aliondoa chuya moja, ya pili, ya tatu, anazipanga ukingoni mwa ungo.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie."

"Anti –"

"Nisikilize. Mkono umekwenda. Ukimwambia, mkono utarudi?"

"Anajilaumu bure, Anti. Anasema uzee. Anasema hafai."

"Najua anachosema, mimi ndiye nalala naye." Sauti ilikuwa ya chini sana. "Lakini kujilaumu kwake amekuzoea. Amekaa nako, amekunywa nako chai. Wewe ni mtoto wake wa pekee. Unataka kila akiutazama ule mkono akuone wewe? Leo ana mkono mmoja na mtoto mmoja. Ukisema atabaki na nini?"

Nikalia. Hakunishika. Anti huyu aliyenishika kila nilipolia tangu nina miaka minane! Aliinuka, akamimina mchele kwenye sufuria, akanipa mgongo.

Baadaye, nikiwa mlangoni, akasema: "Usidhani sijakasirika."

Jumanne, 25 Machi

Nimepita baada ya kazi kumpelekea dawa. Mjomba alikuwa ukumbini, mkono juu ya mto. Anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa kushoto. Akanionyesha, vitatu ameweza, cha nne kimemshinda, kikae hivyo hivyo, kwani anakwenda kuoa?

Tulicheka. Kisha akaacha.

Akaniambia vidole vinawasha. Vile ambavyo havipo. Anaamka anataka kukuna, hakuna cha kukuna. Na kuna kitu kinamjia akifumba macho. Si kisu. Kisu hakioni. Anaona kitambaa. Cha bluu. Kinapita pembeni ya jicho lake, polepole, kinashuka.

"Tulikuwa na kitambaa cha bluu pale, mama?"

Anti alikuwa amesimama penye pazia la mlango. Nilimwona bila kumtazama.

"Sikumbuki, Mjomba."

Akaitikia kwa kichwa. Akarudia kifungo cha nne. Alikihangaikia muda mrefu, mimi nimeketi pale, wala hakuniomba nimsaidie.

Alhamisi, 27 Machi

Mlio sasa unakuja hata bila birika. Kwenye feni ya ofisi. Kwenye cherehani ya jirani. Leo umekuja kanisani, watu wakiimba – nilikuwa napita tu nje.

Nimenakili daftari la mashine kwenye karatasi, ukurasa mzima wa tarehe kumi. Iko ndani ya koti. Sijui nimenakili ili nimpe nani.

Jumamosi, 29 Machi

Spana kaniuliza kama kompyuta ikifutwa Jumatatu, na lile daftari la mzee litafutika?

Kumbe anajua lipo! Anasema Mjomba alimwonyesha siku moja, zamani. Hakuelewa kitu, ila alikumbuka kwamba linaandika kila kitu.

Nikamuuliza amelifungua? Akasema hapana. Akasema yeye ni mtu wa spana, herufi zinamuumiza kichwa. Kisha: "Lakini wewe umelifungua."

Halikuwa swali. Nilimwambia ndiyo. Akangoja. Sikuongeza. Akafuta mikono yake kwenye suruali, akasema mzee yule ndiye aliyemuozesha, alimsemea kwa wakwe wakati hana mbele wala nyuma. Akaondoka.

Jumapili, 30 Machi

Niko kwa Mjomba. Naandika hapa hapa mezani kwake. Saa kumi kasoro.

Aliniita asubuhi. Kesho maelezo yanatakiwa ofisini kwa Meneja na mkono wake wa kushoto unaandika, anasema, kama kuku aliyekanyaga wino. Anataka nimwandikie. Yeye aseme, mimi niandike, kisha atie alama yoyote chini.

Nilifika na ile karatasi ndani ya koti. Nilikuwa tayari. Nilikuwa tayari kweli. Anti aliniona nikiingiza mkono kwenye koti, akatingisha kichwa, mara moja tu.

Mjomba akaanza kusoma kutoka kichwani, kama alivyokuwa akitusomea amri za mashine: "Mimi, fundi mkuu wa mashine ya kuchonga chuma, nakiri kwamba tarehe kumi sikuisimamisha –"

"Mjomba. Kile kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Ulichoniuliza Jumanne. Cha bluu."

Alinitazama. Miwani hakuvaa, macho yake bila miwani ni madogo, yamechoka.

"Sijakuuliza kitambaa chochote."

"Mjomba, uliniuliza. Hapa hapa. Ulikuwa unafunga –"

"Dawa zile zinanipa maneno." Akasogeza karatasi mbele yangu kwa ule mkono wa bandeji, akaisukuma kwa kidole gumba. "Andika, mama. Andika nilivyosema. Mimi nimeshazeeka, aibu hainipunguzii siku. Wewe una miaka thelathini ya kazi mbele yako. Nani atakupa mashine?"

Nani atakupa mashine.

Hakuna aliyetaja mimi kupewa wala kunyang'anywa mashine. Hakuna aliyenitaja kabisa.

Nilijaribu kusema. Mdomo ulifunguka. Aliinuka haraka kuliko mgonjwa anavyoinuka, akasema muda wa kubadilisha bandeji umefika, akaingia chumbani. Anti akamfuata na beseni. Nawasikia. Maji yanamwagwa. Anamwambia vumilia kidogo. Mjomba anauma meno, sauti inapita katikati ya meno.

Anajua. Tangu lini? Jumanne? Wodini, alipogeukia ukuta? Wote wawili wanajua, na kila mmoja anamficha mwenzake, na wote wananificha mimi ndani yao.

Karatasi ya kwanza niliandika "Mimi, fundi mkuu" – nikaichana. Ya pili niliandika kwa mwandiko wa kuiga wake, sijui kwa nini, ule wa kulalia kushoto. Nikaichana pia. Vipande viko mfukoni.

Ya tatu iko chini ya daftari hili. Nimeandika *Mimi*. Nimeweka mkato. Baada ya mkato nimeandika jina langu.

Kalamu bado inaandika, wino haujakauka. Tarehe kumi, saa tisa na dakika kumi na mbili –

Beseni limewekwa chini. Pazia la chumbani linasogea. Mjomba anauliza nimefika wapi